Papa Protokole, Aliyetukalisha Pamoja

Jina lake sitaandika. Majina nitakayoandika hapa ni ya wengine, na wenyewe wanajijua, basi wakae tayari. Yeye tulimuita Protokole. Watoto walimuita Papa Protokole, na bibi yake, muke wake wa ndoa, siku ya hasira alimuita "patro wa viti", bosi wa viti. Bunia, muji wetu, iko na watu wengi wenye kazi tano tano na hakuna hata moja inayofanyika. Yeye alikuwa na moja. Kila Jumapili alisimama kwenye mulango wa kanisa letu la kartie, yaani mutaa, akaonyesha watu pa kukaa. Basi.

Kama umeingia kanisa la kwetu unajua protokole ni nani. Ni yule mwenye kitambaa kwenye mukono, anakupokea na kichwa kimeinama kidogo, anatembea mbele yako, na kwa vidole viwili anakuonyesha nafasi. Mahali pengine ni kazi ya kijana anayetaka watu waone suruali yake mupya. Kwetu ilikuwa kazi ya mutu mwenye mvi, mufupi, mwenye glavu moja nyeupe. Ya pili ilipotea wakati wa vita na alikataa kutafuta nyingine.

— Mukono wa kuonyesha ni moja, alisema. Ule mwingine uonyeshe nini?

Vita ilipoisha, ama tuseme ilipochoka, watu walirudi Bunia kutoka kila upande. Mimi nilirudi kutoka Niania, mara kwa miguu, mara juu ya lori, na mama yangu, na watoto wawili, na sufuria moja. Tulikuta kanisa lingali na kuta lakini bila mulango. Jumapili ya kwanza watu waliingia wakajigawa wenyewe, hawa upande wa dirisha, wale upande wa ukuta, na katikati njia pana kama uwanja wa ndege. Upande mumoja ukiimba, mwingine unapandisha sauti. Pasta alisema Roho ameshuka kwa nguvu. Nilikuwa pale. Siye tulikuwa tunapigana kwa nyimbo, maana panga zilikuwa zimekatazwa.

Na kabila sitaandika. Watu wa miradi wanapenda kuandika kabila, inajaza karatasi vizuri. Lakini mimi sikuona kabila likishika panga. Panga lilishikwa na watu wenye mikono, na mikono ile iko na majina.

Jumapili ya pili Protokole alikuwa mulangoni. Hakuna aliyemutuma. Alishika kila mutu kiwiko, akamupeleka, akamukalisha: mumoja wa huku, mumoja wa kule, mumoja wa huku, kama mutu anayepanga mayai na mawe ndani ya kikapu kimoja. Aliyekataa, hakubishana naye. Alisimama tu mbele yake, vidole viwili vimenyooka, mpaka haya ikamukalisha. Mwanamuke mumoja mwenye maringo, muke wa mukubwa wa ofisi, alimuambia kwa sauti ya watu wote kusikia:

— Papa, mimi na huyu, hapana.

— Mama, ni kiti. Haiko ndoa.

Akakaa.

Kila mwaka, mwezi wa kwanza, tulikuwa na semina ya Kusudi. Pasta wetu aliipenda kuliko Noeli. Huyu sitamutaja jina maana hakuua mutu, alichosha watu tu. Alifundisha kwamba Mukristo asiye na kusudi ni kama pikipiki bila usukani, inakwenda vizuri mpaka kwenye shimo. Hapo sikumukatalia. Halafu kila mutu alipewa kipande cha karato, karatasi nene, aandike kusudi lake, na makarato yalifungwa kwenye ukuta mwaka muzima. Pasta mwenyewe alihitaji makarato mawili: radio, shule, kiwanda cha maji ya chupa, nyumba ya yatima, chuo, safari ya ng'ambo, na lile la saba Mungu alikuwa bado hajamalizia kumuonyesha. Mushemasi mumoja aliandika "Kuwa baraka kwa mataifa", naye hakuwa baraka hata kwa jirani wa ukuta mumoja. Kijana mumoja aliandika "Canada".

Protokole aliandika "Viti".

Watu walicheka mpaka watoto wa nje wakaja kuchungulia. Pasta akacheka naye, akapangusa jasho, akasema:

— Papa Protokole, ongeza maono! Mungu wetu haiko mudogo!

— Ndiyo, Pasta. Yeye haiko mudogo. Mudogo ni miye.

Ndipo alisema maneno marefu kuliko yote niliyosikia kutoka kinywa chake ndani ya kanisa. Zamani, kabla ya vita, alikuwa fundi wa kujenga.

— Fundi akitaka kusimamisha ukuta, alisema, anavuta kamba kwanza. Anafunga huku na kule. Kisha jicho lake iko paka ku kamba, kamba tu. Mutu apite amuambie, ee fundi, kule sokoni kuna nyama ya bei ndogo, jicho iko ku kamba. Akigeuka, ukuta inakwenda kwa jirani. Siye wakristo wa Bunia tunajenga kuta saba, na zote zinaangukia jirani. Ni Mungu njo anaweza kufanya vitu vyote siku moja. Mutu anapewa kazi kamoja. Asubui unamuuliza, Baba, kangu ni kapi? Akikuambia, unakafanya mpaka mangaribi, unalala.

Pasta alisema amina haraka na kuomba kwaya iimbe.

Mimi pia niliandika mwaka ule. Niliacha shule darasa la tano, nachora herufi polepole kama mutu anayetoa mwiba. Niliandika neno moja: Janvier. Pasta akalisoma akafikiri ni mwezi wa kwanza kwa Kifaransa, akapiga makofi: "Muone Mama Espe, yeye anataka kuanza sasa hivi!"

Janvier alikuwa ndugu yangu mudogo. Alikuwa anatoa samaki Kasenyi na baiskeli, anapandisha mulima wote ule na mapipa mawili nyuma, na akifika Bunia anaimba kama aliyeletwa na gari. Siku ile tuliyokimbia, yeye alikawia kwa sababu ya baiskeli. Kwenye barieri, kizuizi cha njiani karibu na tanuru za matofali, walikuwa wanachagua watu. Aliyesimamia ni mutu aliyejiita Kamanda Radi, jina alilopewa na mama yake silijui. Aliyekuwa na orodha ni Innocent wa mashine ya kusaga, ndiyo, huyo huyo anayewasagia unga mpaka leo na kuwasalimia "shaloom". Na aliyenyoosha kidole akasema "huyu ni wa kwao" ni Désiré, fundi wa radio, jirani yetu, aliyekula kwetu siku zote ambazo muke wake alikasirika, yaani siku nyingi. Generose, mwanamuke wa kartie yetu, alikuwa ndani ya musitari ule ule, wakamuacha apite. Yeye njo aliniambia yote haya tukiwa Niania. Aliona Janvier akichukuliwa nyuma. Nyuma wapi, hakuona. Kisha homa ikamumaliza palepale Niania, na ushahidi wangu ukazikwa naye.

Nilikwenda kwenye ofisi ya mashitaka. Muheshimiwa wa ofisi aliniuliza shahidi wangu iko wapi. Nikamuambia Niania, chini ya udongo. Akaniambia nirudi naye.

Basi neno langu lilikuwa moja. Sikutaka Désiré afungwe, gereza letu watu wanatoka kununua mukate. Nilitaka aniambie Janvier iko wapi. Mama yangu alikuwa anazeeka na alikataa kuondoa matanga. Kila asubui alisema: "Nikufe namna gani, nami sijui mutoto wangu analala upande gani?" Hakuna mutu mwingine katika Bunia nzima aliyejua na niliyeweza kumufikia. Radi alikuwa amekuwa mukubwa, na kwa Innocent mulango ulikuwa na mbwa. Kulibaki Désiré.

Désiré alirudi Bunia akiwa wa mwisho, na shati nyeupe, na wokovu mupya kabisa. Alisimama mbele ya kanisa akashuhudia: "Ndugu zangu, wakati wa vita nilifanya mambo mabaya. Bwana amefuta." Vigelegele! Ngoma! Pasta akamukumbatia. Mambo mabaya! Mutu akiiba muhogo anataja muhogo. Mutu akiua, anataja "mambo". Nikamungoja nje kwenye bomba ya maji.

— Désiré, siku ile ya barieri.

— Yaya, siku ile miye nilikuwa na malaria. Sikuamuka.

Malaria! Na aliniita yaya, dada mukubwa! Niliuliza wanaume wengine wa kartie, mumoja mumoja. Wote walikuwa na malaria. Mungu atusamehe siye tuliosema panga zilikuwa nyingi, maana sijui nani alibaki na nguvu ya kuzinyanyua.

Jumapili iliyofuata niliingia kanisani, Protokole akatembea mbele yangu, akanionyesha benchi ya tatu. Nikakaa. Dakika kidogo akarudi na Désiré, akamuonyesha nafasi iliyo kando yangu. Benchi zetu zilikuwa mbao tu, watu watano wanakaa bega kwa bega, ukipumua jirani anajua umekula nini. Nikasimama. Protokole akanikaribia.

— Papa, unajua huyu ni nani kwangu?

— Ninajua.

— Unitoe hapa.

— Hapana, Mama Espe.

— Basi umutoe yeye.

— Hapana.

— Juu ya nini, kwa sababu gani?

— Juu hii njo fasi yenu.

Nilitaka kumupiga. Nilikaa, na tangu siku ile nilikaa pale kila Jumapili, miaka. Pasta alimupa Désiré kazi ya kuangalia vipaza sauti, naye akaona mulango wa kuokoka umefunguka: atakaa mbele, kando ya mashine. Protokole alimuacha atengeneze nyaya, kisha akamufuata, vidole viwili, akamurudisha benchi ya tatu. Vipaza sauti vikilia kama mbuzi, Désiré anakimbia, anapiga kofi mashine, anarudi kando yangu.

Kwa kuwa Protokole alinikalisha pale, nikatafuta kazi. Kanisani kwetu saa ya maombi kila mutu anafumba macho na kulia kwa sauti yake, wote pamoja, hausikii hata radi. Saa ile niligeuza kichwa, nikaweka mudomo karibu na sikio la Désiré na kumuuliza: "Janvier iko wapi?" Akapandisha sauti ya kuomba. Jumapili iliyofuata: "Janvier iko wapi?" Pasaka, Noeli, siku ya wamama, siku ya mavuno. Maneno matatu, si zaidi, sikutukana. Watu waliniona midomo inakwenda na machozi yanashuka, wakasema Mama Espe ananena kwa lugha. Pasta alinitaja mbele ya watu kuwa mufano wa mutu asiyeyumba katika maombi. Sikumusahihisha. Kweli ni kwamba mimi nilikwenda kanisani kwa sababu Désiré alikwenda kanisani, na kama angehamia kwa wasioamini ningemufuata huko.

Usifikiri Protokole alikuwa mutakatifu. Nyumbani kwake hapakuwa kiti hata kimoja. Mutu aliyekalisha watu mia kila wiki, bibi yake alipokea wageni akikaa juu ya bidon, dumu la maji. "Anapanga viti vya Mungu," mama yule alisema, "mimi nangoja vya mbinguni." Niliona kwa macho yangu fundi akimuletea zawadi ya kiti kizuri cha libuyu, ile mbao ngumu, jioni kilikuwa kimeshafika kanisani.

Na binti yake. Kijana mumoja muzuri, mwalimu, wa upande ule mwingine, alikuja kumuposa. Protokole alikataa hata kabla ya chai kumiminwa. Mimi mwenyewe nilimuuliza:

— Papa, siye unatuchanganya kama maharagi, na mutoto wako?

— Kitanda haiko kiti, Mama Espe.

Akaona haya kidogo, akaangalia pembeni. Binti alikwenda kuolewa Boga, mbali, na mutu wa "kwetu", na mutu yule wa kwetu alimupiga mpaka akarudi na meno yamepungua. Protokole alimupokea. Jumapili alimuonyesha nafasi kama wengine. Hatukusikia akisema alikosa, na sitasema kwamba alisema.

Mara moja watu wa ONG, wale wa miradi, walimualika kwenye mukutano wa amani, katika hoteli yenye maua ya plastiki. Walisikia kwamba ni "mushiriki wa mapatano". Alivaa koti na glavu yake. Akaingia, akakuta meza za mviringo, na kila meza watu wa kabila moja, na chupa za juisi katikati, na muzungumzaji anaeleza maana ya neno "pamoja". Protokole hakukaa. Alianza kuwashika watu kiwiko. "Weye huku. Weye kule." Kwanza walicheka. Kisha ilionekana kwamba karatasi za kutia sahihi kwa ajili ya perdieme, posho ya siku, ziliwekwa meza kwa meza, na kila aliyehamishwa alikuwa anahama mbali na sahihi yake. Wanasema makelele yaliyotoka pale hata wakati wa vita hayakusikika. Wakamutoa Protokole mpaka nje kwa heshima, na chakula chake katika kifuko.

— Walisema nini? nilimuuliza.

— Walisema ninaharibu amani.

Kisha Pasta alileta viti vya plastiki. Hii ilikuwa vita kubwa zaidi ya Protokole. Viti vilinunuliwa na familia, kila familia iliandika jina lake mugongoni kwa rangi, na mara moja watu walikwenda kukaa kwenye majina yao. Wiki mbili tu, dirisha na ukuta vilirudi palepale. Protokole hakulalamika kwa Pasta. Jumamosi alikuja na mipira ya baiskeli iliyokatwa nyuzi nyuzi, akafunga viti miguu kwa miguu, kumi kumi, majina yamechanganyika, fundo juu ya fundo. Jumapili mutu alivuta kiti chake, safu nzima ikamufuata. Mushemasi wa mataifa alianguka na kitabu chake. Walimusema kwenye komite, wakamuita muchawi. Aliwasikiliza amesimama, halafu akauliza kama wamemaliza, maana alikuwa na safu mbili bado.

Ninaandika haya nikicheka, lakini wakati ule sikucheka. Nilimuchukia karibu kama nilivyomuchukia Désiré. Nilifikiri: huyu muzee anacheza na viti juu ya kaburi nisilolijua.

Halafu miguu yake ilivimba. Mutu ambaye hakukaa hata siku moja ndani ya kanisa, alilala. Kanisa lilichukua vijana sita wenye suti nyeusi, na nyaya katika masikio kama walinzi wa rais. Nilifuata waya wa mumoja kwa macho: uliingia mufukoni na kuishia hapo. Walikata mipira ya viti. Jumapili ya kwanza watu wakarudi upande wao, bila hasira, kama maji yanavyorudi kwenye mufereji. Na Désiré akapita safu yetu ya tatu bila kugeuka, akakaa kando ya mashine zake, mbele kabisa, na mama mumoja munene kila upande. Saa ya maombi nilifungua mudomo, na hapakuwa sikio.

Wakati huo mama yangu alikuwa hali chakula tena. Alikuwa amebaki macho tu. Alipoona ninarudi kutoka kanisani, macho yale yaliniuliza, nami niliangalia chini.

Jumamosi, mwezi wa kumi na mbili, nilikwenda kwa Protokole. Bibi yake alikuwa nje anatwanga sombe, majani ya muhogo, akanionyesha mulango kwa muchi. Ndani kulikuwa na kitanda na yeye juu yake, bila glavu. Mukono wake ulikuwa mudogo kuliko nilivyofikiri. Nilikaa upande wa miguu.

— Papa, wamemuacha akae fasi anataka.

— Nani?

— Unajua nani.

— Na weye unakuja kuniambia juu ya nini? Sasa miye niko mutu ya kulala.

— Miaka yote nilikuomba unitoe kando yake, ukakatala. Leo ninakuomba unirudishe. Tuma neno kwa wale vijana. Mama yangu anakwisha, Papa. Siko na siku nyingi za kuuliza.

Alicheka mpaka akakohoa, nami nilitaka kuondoka.

— Kaa, kaa. Mama Espe, hauko peke yako uliomba. Na yeye aliomba. Kila mwaka, mwezi kama huu, anakuja hapa. Na kuku.

— Kuku?

— Jogoo. Mukubwa. "Papa Protokole, unihurumie, yule yaya ananisemea ku sikio, silali." Miaka yote, jogoo.

— Na weye ulifanya nini?

— Kuku nilikula.

Akapangusa mudomo kwa kidole.

— Kumuhamisha, hapana.

Sikujua nicheke ama nimukamate koo. Nikamuuliza kama Désiré alimuambia mahali. Akasema hapana.

— Haukumuuliza?

— Kuuliza haikukuwa kazi yangu. Yangu ilikuwa viti.

Hapo nilisimama, nikamuambia maneno ambayo siwezi kuandika kwa sababu ya watoto. Nilimuambia kwamba mutu akishika kazi moja ya Mungu namna ile, na pembeni yake mama mukongwe analia, basi ameshika jiwe. Nilimuambia siku moja tu angemushika Désiré shati, hapa, na jogoo wake, angesema. Siku moja. Aliniangalia. Bibi yake aliacha kutwanga.

— Inawezekana nilikosa, alisema. Niliogopa kuacha ile moja nikafanya mbili. Nilisema moyoni: Mungu amenipa kukalisha, mwenye kusemesha ni Yeye. Naona Mungu alikuwa anaketi anangoja miye, na miye niko nasimama ninangoja Yeye.

Nilikaa tena upande wa miguu. Na hapo ndipo tulisikia hodi.

Désiré alikuwa mulangoni, shati nyeupe, jogoo chini ya kwapa. Hakuniona kwanza, kwa sababu ya giza la ndani.

— Papa Protokole, nimekuja kukushukuru! Umenikumbuka. Hawa vijana wako wamenipatia fasi ku mashine, nikasema, kumbe muzee alinisikia...

Alifikiri ni yeye aliyeamuru. Muchango wake wote wa miaka ile, jogoo wote wale, alifikiri umefika. Kisha akaniona. Akarudi nyuma hatua moja, akagonga bega kwenye mulango, na bibi ya Protokole alikuwa nyuma yake na muchi.

Protokole alitoa mukono chini ya blanketi, akanyoosha vidole viwili, akaonyesha ukingo wa kitanda, kando yangu. Na Désiré akakaa. Naapa, akili yake haikutaka, ni mwili uliotii, ulikuwa umezoea. Tukakaa bega kwa bega, jogoo kwenye magoti yake.

— Tuombe, Protokole alisema, akafumba macho.

Lakini hakuomba. Nje muchi ulikuwa kimya. Hapakuwa kwaya, hapakuwa kipaza sauti, hapakuwa watu wa kulia juu ya sauti yangu. Sikuinama kwenye sikio lake. Niliuliza kama mutu anavyouliza njia.

— Désiré. Janvier iko wapi?

Alishika jogoo kwa mikono miwili. Nilihesabu pumzi zake, moja, mbili, nyingi.

— Nyuma ya tanuru, yaya.

— Wapi nyuma ya tanuru?

— Fasi walikuwa wanatoa udongo. Shimo ya pili, upande wa mutoni.

— Iko peke yake?

— Wako wane.

— Nani alichimba?

— Yaya...

— Nani alichimba?

— Miye.

— Na nani?

— Innocent. Na Alphonse.

— Alphonse gani?

— Huyu wa kwaya. Huyu anatuimbisha. Radi alisimama tu, alikuwa anavuta sigara.

Basi nimeandika kama alivyosema: Désiré fundi wa radio, Innocent wa mashine ya kusaga, Alphonse wa kwaya, na Radi aliyevuta sigara. Asiyekubali aje aniulize, nyumba yangu inajulikana.

Protokole alifungua macho.

— Amina? aliuliza.

— Bado, nilisema.

Nikasimama, nikafunga kitenge vizuri.

— Twende, Désiré. Unionyeshe.

— Leo, yaya?

— Sasa. Mama yangu iko na macho bado.

— Na kuku?

— Uiache hapo.

Tulitoka. Njiani alitaka nitangulie, kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mukubwa kwake. Nilikataa. Alitembea mbele yeye, maana kati yetu wawili yeye njo alijua njia.